Namba Isiyopanda

Célestine alikuwa amesimama tangu saa moja asubuhi. Mwaka wa kumi na mmoja huu, tangu atoke Bukavu, alikuwa akipima damu za watu asiowajua katika maabara moja ya Johannesburg.

Sampuli ya Najma, mshonaji wa Joubert Park, ilikuwa imerudi mara ya tatu. Damu yake ilionyesha protini ya mimba, na mimba hana. Kuna saratani ya kizazi inayotoa protini hiyo hiyo, kwa hiyo daktari alikwishapanga: Alhamisi, kizazi kitolewe.

Célestine akasoma namba. 312. 309. 314.

"Saratani gani hii, wiki sita haikui?" alimwuliza Karimu, msimamizi wake.

"Mashine ni nzima, dada. Peleka majibu. Bado sampuli mia mbili."

Alitaka kuyapeleka. Eish, alichoka. Lakini alikijua kipimo kile: hukamata protini kwa kingamwili mbili, moja kila upande. Damu ya watu wachache ina kingamwili zake zinazoziunganisha hizo mbili, bila protini yoyote katikati, na mashine huhesabu kana kwamba protini ipo. Kingamwili hizo ni kubwa, hazipenyi figo kufika kwenye mkojo. Protini yenyewe hupenya.

Akampigia daktari. "Naomba mkojo wake kabla hamjampasua."

"Una uhakika na unachosema?"

"Sina. Ndiyo maana nauomba."

Mkojo ulifika Jumatano. Akaupima, akarudia. Haukuwa na protini ile. Upasuaji ukafutwa.

Kesho yake Najma alipiga simu maabara. "Ndiwe uliyetaka mkojo? Mungu akulipe, dada yangu. Mie hata mtoto sijapata."

Célestine alishukuru, akakata simu, lakini furaha haikuja. Akafungua kumbukumbu za mwaka mzima, akitafuta wengine wenye namba zilizotulia. Saa nane akampata Jocelyne wa La Rochelle, mtaa wa hapo hapo Johannesburg, miaka thelathini na mmoja. Kizazi kilitolewa mwezi wa tatu. Namba kabla ya upasuaji: 187. Baada yake: 190.

Alimwita Karimu. Karimu akasoma namba zote mbili.

"Tulimpima sisi," alisema. "Watatuuliza kwa nini hatukuona."

"Watuulize."

Akavuta kibodi, akaanza kumwandikia daktari wa Jocelyne.