Kamera Wameiweka Wapi?

Siku aliyofariki mume wangu ilikuwa Jumanne, na kalibu ya mbao ya simu ambayo hakuwahi kuiona ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Alikuwa ameshaipiga tupa pande zote. Alipuliza unga wa mbao, akapitisha kidole gumba juu yake, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa nimeinamia kushona:

"Mama, hivi simu nyembamba namna hii, kamera wameiweka wapi?"

Nikamwambia, "Nitajuaje mimi? Waulize walioitengeneza."

Akacheka. Akasema anatoka kununua gundi, maana iliyobaki ilikuwa ya kunasia nzi tu. Duka la gundi liko mtaa wa pili, nyuma ya ghala la mabati. Hakufika. Moyo ulisimama akiwa mlangoni mwa ghala, saa nne na robo asubuhi. Walioniletea habari walinikuta bado nina sindano mkononi.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo. Juzi nilishindwa kukumbuka kama ule unga wa mbao alikuwa akiupuliza au akiupangusa kwa brashi. Alikuwa akiupuliza. Sasa nimeandika.

Kazi yetu ni makava ya ngozi ya simu, yale ya mfuko wa kuchomekea simu nzima. Yeye alikata, mimi nilishona, miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye dirisha moja na meza mbili. Kwa kila aina ya simu alichonga kalibu, yaani kipande cha mbao chenye umbo na ukubwa uleule wa simu. Ngozi huloweshwa, huvutwa juu ya kalibu, hubanwa mpaka ikauke, na ikikauka imeshika umbo. Hivyo simu ya mteja haionji maji. Kalibu alizoziacha rafuni ni arobaini, kila moja ina namba yake kwa penseli, mwandiko wake.

Watu walimwita Milimita. Ukimwambia "sogeza kidogo," anauliza kidogo ni milimita ngapi. Mwenyewe alitumia simu ya vitufe. Zile simu kubwa alizijua kwa nje tu, kama fundi cherehani anavyomjua waziri: mabega na kiuno, basi.

Kalibu ya arobaini na moja aliiagiza rafiki yake, mpima ardhi. Alikuwa amelipia simu mpya, nyembamba kuliko zote, ikawa haijafika mjini, na subira hana. Akanakili vipimo vyake kutoka kwenye tangazo la gazetini: urefu, upana, unene. Unene, milimita tano na nusu. Mume wangu aliisoma ile karatasi mara tatu.

"Hii si simu," akasema. "Hii ni biskuti."

Siku ileile akakata ngozi, vipande viwili sawa, cha mbele na cha nyuma, rangi ya kahawa iliyokolea. Akaanza kuchonga. Vile vipande ndivyo ngozi ya mwisho aliyokata.

Baada ya mazishi nilifungua duka kwa mazoea. Nilishona viporo alivyoviacha vimekatwa, kimoja kimoja, nikijua vitakwisha. Mimi kisu sijakishika. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa akija kukaa nami, na siku moja alilisema lile ambalo wengine walilizungukazunguka.

"Wifi, duka lilikuwa la mikono minne. Imebaki miwili, na hiyo haikati. Utafunga lini?"

"Nikimaliza viporo."

"Vimebaki vingapi?"

"Kimoja." Kile cha mpima ardhi.

Wiki ya saba mpima ardhi akapiga hodi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyekuja kuomba ruhusa ya kukanyaga sakafu.

"Shemeji, nimekuja kukwambia usihangaike. Lile kava liache tu."

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Hebu nione."

Aliitoa kwa mikono miwili. Wifi akamtazama. "Mbona unaitoa kama yai la kuku wa jirani?"

Nilinawa, nikakausha mikono, nikaipokea. Mkono ulikuwa umejiandaa kubeba, ukakosa cha kubeba, ukapanda juu kidogo wenyewe. Nilifumba macho kama Milimita alivyokuwa akifanya. Ukingo ulikuwa wa chuma baridi, wa mviringo kama ukingo wa kijiko. Vitufe vyake vidogo, nilivijua kwa ukucha kabla ya kidole. Nilitafuta mlango wa kuwekea laini, nikauzunguka ukingo wote, sikuuona.

"Laini inaingilia wapi?"

"Imo humohumo, shemeji. Haitolewi."

"Kama jino?" akauliza wifi.

"Kama jino."

Aliigusa ikawaka. Picha aliyoweka kiooni ni ya kile kifaa chake cha kazi, kile cha miguu mitatu, na ilikuwa safi mno hata nikaona kutu kwenye msumari wa mguu mmoja. Nikainamisha kioo huku na huku, rangi hazikufifia. Niligundua kitu kingine. Ukiilaza juu ya vidole viwili katikati, haitulii. Inaangukia kichwani. Uzito wake wote, ule mdogo ilio nao, uko juu. Na huko juu kulikuwa na joto, kama kikombe kilichomiminwa chai sasa hivi.

"Nilikuwa napiga video njiani," akasema, kama anayejitetea.

"Na hilo tofali kwenye mfuko wa pili?" Wifi hakupitwa na kitu.

"La kuchajia. Ikifika saa kumi inakuwa hoi."

"Yaani umenunua simu nyembamba, halafu ukanunua kitu cha kuibebea unene wake."

Mpima ardhi alicheka kwa aibu. Ndipo nikaigeuza.

Mgongoni, kwa juu, kulikuwa na nundu. Si doa, si kifungo. Nundu ndefu imekatiza kutoka bega hadi bega, na macho ya kamera yamekaa humo yakinitazama. Nikailaza mezani, ikalala kichwa juu kama mtu aliyewekewa mto.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Jumanne ile, na wote wawili walishtuka.

"Wifi, vipi?"

"Aliuliza kamera wameiweka wapi," nikasema. "Yalikuwa ndiyo maneno yake ya mwisho, hayo na ya gundi. Hapa ndipo walipoiweka. Hawakupata pa kuificha."

Kisha mpima ardhi akaomba karatasi yake ya vipimo. Ilikuwa bado imepachikwa msumarini. Aliisoma, akaipindua kama kwamba huenda alisahau kuandika kitu nyuma.

"Gazeti lilitoa unene wa pale palipo pembamba," akasema taratibu. "Nami nikampa vivyo hivyo. Miaka ishirini na mbili napima ardhi, shemeji, nimekwenda kusahau kilima."

"Na yeye akakushtukia," akasema wifi.

Nikaichukua kalibu nikaiweka kando ya simu. Chini ya ile nundu vilikuwa pacha. Nilipitisha kidole kutoka mbao kwenda chuma, na kama si ubaridi nisingejua nimevuka wapi. Mtu hajaiona simu, ameipatia kila mahali isipokuwa pale alipopaulizia.

Nikachukua kipimo cha mume wangu cha taya mbili. Penye nundu ilikuwa milimita kumi na moja na kitu. Mara mbili ya kalibu. Nikatandaza karatasi mgongoni mwa simu, nikaisugua kwa penseli mpaka mipaka ya nundu ikajitokeza.

"Njoo Ijumaa," nikamwambia mpima ardhi.

"Shemeji, kama haiwezekani..."

"Ijumaa."

Alipoondoka wifi akaniuliza nitafanya nini. Nikamjibu nitaijua nikiifanya. Ukweli ni kwamba niliogopa vile vipande viwili. Nikiviharibu hakuna vingine. Na vikigoma, atakayekata vipya ni nani?

Jumatano niliijengea kalibu nundu. Nilibandika vipande vya ngozi ya soli, kimoja juu ya kingine, kwa gundi niliyokwenda kuinunua mwenyewe, nikipita mlangoni mwa ghala la mabati kwa mara ya kwanza. Nikapiga tupa, nikapima, nikapiga msasa, nikapima. Nikapuliza.

Alhamisi asubuhi nililowesha kimoja cha vile vipande viwili, nikakivuta juu ya kalibu. Pale chini kilikaa kama ngozi ya mwilini. Pale penye nundu kilipanda, na kwa kupanda kikavuta mapindo ndani. Milimita tatu upande huu, tatu na nusu upande ule. Pa kushonea hapakuwepo. Nikavuta tena kwa vidole gumba, polepole, mpaka nikaisikia ngozi ikilalamika. Nikaacha. Nikivuta zaidi itachanika.

Nilikaa nayo mikononi, maji yakinitiririkia mapajani. Wifi alikuwa akichambua nyuzi kwenye meza yangu. Alinisogezea kitambaa kikavu, akaendelea na nyuzi zake.

Nikatazama kile kipande cha pili, kikavu, kilicholala mezani. Alivikata sawa. Kwa vile alidhani simu ni bapa mbele na nyuma, havikuwa na tofauti, chochote kingekuwa cha mbele. Na mbele hakuna nundu. Mbele ni kioo kitupu. Hicho kingetosha mbele; kilichokosekana ni cha nyuma tu.

"Wifi," nikasema, "nikatie... hapana. Nishikie hii ngozi."

"Unataka kufanya nini?"

"Kukata."

Kisu cha Milimita kina mpini wa mbao uliobonyea pale gumba lake lilipokuwa likikaa. Gumba langu lilipotelea humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Mkato wa kwanza, kwenye kipande cha mabaki, ulikwenda kama njia ya sisimizi. Wa pili pia. Wa tatu ulinyooka nusu.

"Kata, wifi," akasema. "Ngozi haina mdomo, haitakusema."

"Wewe je?"

"Mimi nitakusema. Kata."

Nikachora kipande cha nyuma kwenye ngozi ileile iliyobaki, kipana kuliko chake kwa milimita nane pale juu, nikakata. Upande wa kulia ulitoka vizuri. Wa kushoto kisu kilitanga kwa nusu milimita, katikati, nikakirudisha. Milimita angeiona hiyo akiwa bado mlangoni. Nikalowesha, nikavuta. Ikapanda kilima ikashuka, na pembeni ikabaki nafasi ya sindano. Niliibana nikailaza pale dirishani, penye upepo.

Ijumaa mpima ardhi alikuja kabla sijafungua vizuri. Nilikuwa nimeshashona alfajiri. Aliichomeka simu kwa chini kwanza, ikazama polepole, hewa ikitoka kwa mlio mdogo wa pumzi, mpaka nundu ikakaa kwenye shimo lake. Akageuza kava. Akageuza tena.

"Upande huu ni wake?"

"Ni wake."

"Na huu?"

"Pima mwenyewe, si ndiyo kazi yako."

Akapitisha kidole kwenye pindo. Kikasimama kushoto, katikati.

"Nusu milimita," akasema.

"Najua."

Aliitia mfukoni, akaigusa kwa nje mara mbili, akavaa kofia.

Kile kipande kilichopungua kilikauka na nundu yake, na sasa kiko kwenye droo ya kisu. Kalibu ya arobaini na moja iko rafuni, namba nimeiandika mimi. Mke wa mpima ardhi naye amenunua simu kama ile, anataka kava jekundu. Wifi anakuja kila wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Yeye anashona, mimi nakata.