Utosi wa Dresa Mkuu

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, watoto wa wodi ya hospitali ya Tororo walipimwa uzito. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya baraza, chini yake ukafungwa mfuko wa marekani wenye matundu mawili ya miguu, na mwanafunzi wa uuguzi wa zamu akamtia mtoto mmoja mmoja, akasoma mshale, akaandika kwenye kadi. Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, mwaka 1953, zamu ilikuwa ya Kulusumu binti Mutwalibu. Alimtia Apendi mfukoni, akangoja mshale utulie, akaona umerudi nyuma nusu ratili tangu wiki iliyopita.

Apendi alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na Kulusumu aliijua kadi yake kwa moyo. Mwezi wa tatu, alipoletwa kutoka Mella, mtoto alikuwa akitembea kwa kujishikilia kitanda. Mwezi wa nne alisimama tu. Mwezi wa tano alikaa, tena kwa kuegemezwa mto. Darasani Sista Hadley, mwalimu wao Mwingereza, aliwafundisha ngazi anazopanda mtoto: shingo kwanza, halafu kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea. Akawaambia kwamba mtoto akikosa chakula hushuka ngazi hizo hizo. Dawa ya Apendi ilikuwa maziwa ya unga, vijiko vinne kwa kikombe, mara nne kwa siku. Alipewa mbele ya macho ya watu, na kila Jumatatu alikuwa amepungua. Kulusumu alilala na kuamka na swali moja: mtoto huyu akifika chini ya ngazi, atashukia wapi tena?

Maziwa yalikuwa yanaibwa. Hilo halikuhitaji kupigiwa ramli. Kazi ilikuwa kujua mwizi ni nani, na katika wodi ile kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumshuku.

Sista Hadley aliwashuku akina mama. Alikuwa amewaona kwa macho yake: mama anapokea kikombe, anapiga funda moja, anatulia kidogo, ndipo anampa mtoto. Mtu wa mpakani hapa angemweleza, kama angeuliza. Chakula kilichotengenezwa na mkono wa mwingine hakimwingii mtoto kinywani kabla mama yake hajakionja, na mama asiyeonja huulizwa kama mtoto ni wake kweli. Sista hakuuliza. Alizidisha funda moja kwa akina mama wote waliokuwa wodini, akapata makopo kadhaa, na siku hiyo hiyo akawatoa wote nje ya senyenge. Wangewaona watoto wao Jumapili alasiri, basi.

Mama yake Apendi aliitwa Benedeta, mzaliwa wa Sikuda aliyeolewa Mella. Alipokuwa akikunja mkeka wake alimshika Kulusumu mkono.

"Musawo," alisema, kwa jina wanalomwita huku kila mtu wa hospitali avaaye nyeupe, "hii si maziwa. Mimi naonja kila siku. Hii ni maji ya kuosha kopo."

Kulusumu alilipeleka neno hilo kwa Sista. Sista akacheka, akasema mwizi hakosi maneno.

Akina mama walipokwisha kutoka, na mshale wa mizani ukaendelea kurudi nyuma, shaka ilitafuta pa kukaa. Wanafunzi walianza kunusana vinywa. Mpishi alimshuku mfagiaji, mfagiaji akamshuku paka wa daktari. Halafu mtu akakumbuka kwamba makopo hutolewa stesheni na lori la Mutwalibu, na Mutwalibu ni baba yake Kulusumu. Askari wakalipekua lori, wakakuta magunia mawili ya wimbi na ngozi ya mbuzi. Hilo halikumsaidia Kulusumu. Tangu siku ile akiingia bwenini mazungumzo yalikatika, na wenziwe wakaanza kuulizana habari za mvua.

Mtu mmoja tu hakushukiwa na yeyote, naye ni dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, Bwana Okanya. Nani angemshuku? Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, medali mbili za Burma, masharubu, na uzito wa ratili mia na tisini. Ndiye aliyeshika funguo zote za wodi. Maziwa aliyachanganya mwenyewe ndani ya stoo, mlango ameufunga kwa ndani, ili wezi wasipate mwanya. Paka huyu alikuwa amejifungia na kitoweo, na nyumba nzima ikamshukuru kwa kulinda mlango.

Jino lake la kwanza lilidondoka kwenye gwaride la asubuhi. Alilitia mfukoni, akaendelea kusoma majina. Ijumaa jingine dogo lilikuwa limeota mahali pake. Mwezi ulipokwisha meno yote yalikuwa yameng'oka na kuota mapya, ishirini kamili, mafupi, yenye nafasi katikati. Mfagiaji alisema ni maji ya Tororo, yanaharibu meno ya watu wengi. Kisha masharubu yakapukutika. Okanya akaanza kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na chai ikiwa ya moto alilia mpaka ipulizwe.

"Uzee huo," walisema madresa wenzake, wakampulizia chai.

 Kulusumu alikuwa ameshukiwa kiasi cha kujua kwamba mshukiwa haulizi maswali. Lakini alikuwa na mtihani mwezi wa nane, na mtu mwenye mtihani hujizoeza kwa kinachopita mbele yake. Alichukua kadi tupu, akaandika juu: *Okanya*. Chini yake akaandika: *Meno ya utotoni, ishirini. Miaka miwili na nusu.*

Wiki iliyofuata dresa mkuu alikuja kukagua trei ya vikombe. Aliinama, na Kulusumu akakiona kichwa chake kwa juu, kipara chote, na katikati ya kipara mahali laini panapopiga, panapanda na kushuka, kama kwa mtoto mchanga.

"Wewe natazama nini?" Okanya aliuliza.

"Utosi wako, Bwana. Umefunguka."

"Ni joto," alisema Okanya, akavaa kofia.

Utosi hufunga mtoto afikapo mwaka na nusu. Kulusumu aliandika hivyo. Siku ya Alhamisi aliandika kwamba Bwana Okanya anatembea miguu mbali mbali, mikono juu, na akikatazwa hukaa chini ghafla. Jumamosi alizunguka wodi kwa kutambaa, kitanda hadi kitanda, na mfagiaji akamwomba apitie upande mkavu. Jumapili Kulusumu alifanya jaribio alilofundishwa: alizifunika funguo kwa kitambaa mbele yake. Okanya hakukifunua. Kwake funguo zilikuwa zimekwisha duniani, na alizililia kwa uchungu wa kweli. Kabla ya miezi minane mtoto hajui kwamba kilichofichwa bado kipo. Kulusumu alizifunua, akamrudishia, naye akazikumbatia na kutambaa mpaka stoo, akajivuta kwa kitasa, akafungua, akajifungia.

Alipotoka alikuwa na ukungu mweupe mdomoni. Alicheua. Kulusumu akampangusa kwa pembe ya aproni, na alipoinusa aproni alijua.

Hakukimbilia kwa Sista. Alichukua kwanza kikombe cha Apendi, akafanya alichokifanya Benedeta, akapiga funda moja, akatulia kidogo. Yalikuwa maji, yenye rangi tu. Hasira ilimpanda, maana tangu Benedeta atolewe alikuwa amekitia kikombe kile kinywani mwa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimsifu kwa kumaliza.

Sista Hadley alikuwa ofisini, anakata kucha.

"Sista, nimeonja maziwa ya Apendi."

"Wewe naonja maziwa ya mtoto?" Sista aliweka mkasi chini. "Basi ni wewe."

"Ni maji, Sista. Maziwa yenyewe anayanywa Bwana Okanya." Akaiweka kadi mezani.

Sista aliisoma kadi yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Hakuwa mtu mbaya, na kazi nzuri aliijua akiiona. Meno, sawa. Utosi, sawa. Jaribio la kitambaa limefanywa vizuri. Wakatoka wote wawili hadi mlango wa stoo, wakamkuta dresa mkuu amelala chali, anatazama mikono yake. Sista alimwinua kwa mabega, na kichwa kikaangukia nyuma. Alimgusa kiganja kwa kidole. Vidole vya Okanya vikafumba, vikakibana kidole cha Sista pamoja na funguo zilizokuwa humo, wala havikufumbuka.

"Kadi yako imechelewa," alisema Sista. "Shingo hakuna, tena nashika hivi. Huyu chini ya miezi mitatu."

Alipofanikiwa kuchomoa kidole alimwita daktari. Daktari alikuja na miwani yake miwili, akapima, akasikiliza kifua, akaandika: *Mtoto mchanga wa kiume. Ratili mia na tisini. Afya njema.* Halafu akafikiri kama daktari anavyopaswa kufikiri. Mtoto wa umri huu halishwi kitu kingine ila maziwa. Amezoea mazito, akipunguziwa ghafla atadhoofika. Mtumishi wa miaka ishirini na miwili hawezi kutupwa. Aliagiza kitanda namba moja, cha dirishani, na vijiko vitano kwa kikombe, vikombe vitatu kila baada ya saa tatu. Hapakuwa na maziwa mengine hospitalini, kwa hiyo yangetoka kwenye makopo ya wodi. Kitakachobaki wagawiwe wengine, na kwa kuwa kingebaki kidogo, kiongezwe maji.

"Na wizi, Daktari?" Kulusumu aliuliza.

"Wizi gani?" alisema daktari. "Hii ni amri yangu. Nimetia sahihi."

Na kweli, tangu siku ile hakuna kijiko kilichoibwa. Shaka iliondoka wodini, wanafunzi wakarudi kuzungumza na Kulusumu, mmoja akamwazima sabuni. Taabu ilikuwa funguo tu. Vidole vya Okanya havikuziachia, na Sista alikataza mtoto kunyang'anywa kitu kwa nguvu. Kwa hiyo kila palipohitajika kitu stoo, wanaume wanne walimbeba dresa mkuu hadi mlangoni, wakaupeleka mkono wake kwenye kufuli, wakauzungusha. Mlango ukafunguka kama zamani.

Mkewe, Prossy, aliruhusiwa kushinda naye, kwa kuwa ni mke wa mtumishi. Alikaa na mkeka wake chini ya kitanda namba moja. Kulusumu alipompa kikombe cha kwanza, Prossy alipiga funda moja, akatulia kidogo, ndipo akamnywesha mumewe.

"Hii sasa ni maziwa," alisema.

Sista alikuwa amesimama pale pale. Alisema mama akiwa karibu mtoto hukua upesi.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba, Bwana Okanya aliinua kichwa. Alikuwa amelazwa kifudifudi, akakiinua, akakishikilia juu huku kikiyumba, akatazama dirishani. Wodi ikapiga makofi. Sista akaandika kwenye kadi kwa mkono wake. Kisha Kulusumu alimtoa Apendi kitandani kwenda kumpima, na alipomwinua shingo ya mtoto ililala begani kwake, haikuinuka. Hakwenda kwenye mizani. Alimrudisha kitandani, akatoka nje hadi kwenye senyenge.

Benedeta alikuwa pale, kama alivyokuwa pale kila siku, amekalia jiwe.

"Musawo. Wameonja?"

"Nimeonja mimi, mama Apendi."

"Ni maziwa?"

Kulusumu alitazama nyuma, dirisha la kitanda namba moja. Alikuwa amejizoeza jibu la kutuliza, kama wanavyofundishwa. Akaliacha.

"Ya kitanda cha kwanza ni maziwa," alisema. "Ya Apendi ni maji."

Benedeta hakushangaa. Alisimama, akakung'uta kanga yake vumbi, akaikaza kiunoni.

"Basi nipe mtoto yangu," alisema. "Maji hata kwangu iko. Na ng'ombe ya shemeji alizaa."

Kulusumu alirudi ndani mbio. Alimvisha Apendi, akamfunga shuka, akajaza cheti cha kuruhusiwa. Sista alikisoma, akatia sahihi bila ubishi. Kilibaki kupigwa muhuri, maana bila muhuri askari wa lango hamtoi mtoto. Muhuri ulikuwa stoo. Wabebaji wanne wakaitwa, wakaja kando ya kitanda namba moja, wakainama kumshika dresa mkuu mabega na miguu.

Alikuwa amelala. Tone la maziwa lilikuwa limekauka kidevuni, na ngumi yenye funguo ilikuwa kifuani, inapanda na kushuka pamoja na pumzi.

Sista Hadley aliweka kidole mdomoni.

"Acheni," alinong'ona. "Nimewafundisha nini? Mtoto nakua wakati analala."

Wabebaji wakachuchumaa ukutani. Kulusumu akasimama mlangoni na Apendi mikononi, cheti kati ya vidole, wakamngoja dresa mkuu aamke.