Kesi ya Mgonjwa Aliyepona Kinyume cha Sheria

Katika nchi ya Tengano, iliyopakana na Majivuno upande wa mawio na Majuto upande wa machweo, mwenye maradhi ya nafsi alifunguliwa milango miwili, na haramu kuu ilikuwa kuingia yote. Katika Mtaa wa Kumeza, Tabibu Mezakimya aligawa vidonge na kuwafunga wagonjwa vitambaa vinywani, kwa itikadi kwamba maneno huzimua dawa. Ng'ambo ya ukuta, katika Mtaa wa Kunena, Mnasihi Nenatupu aliwasikiliza wagonjwa kwa hisani isiyo kifani, ila kwanza aliwasukutua vinywa, kwani dawa, alisema, huilaza huzuni bila kuitoa. Aliyepona aligombewa na mitaa yote miwili. Aliyekufa alizikwa na jamaa zake.

Bi Shufaka, mwanamke aliyepigwa na dunia hata akajifunza kuicheka, alikuwa na mume aitwaye Simanzi, ambaye tangu wamzike binti yao hakula wala hakulala. Kumeza walimpa usingizi, akaamka bubu kama chungu. Kunena walimuuliza maswali mazuri, naye, kwa uchovu wa kukesha, hakuweza kujibu hata moja. Basi Shufaka akamzungusha kote kuwili kwa siri. Nenatupu akamsukutua kwa bidii. Lakini kidonge kilikuwa kimekwisha fika tumboni, na mdomo hauna habari za tumbo. Dawa ikampa usingizi, usingizi ukampa nguvu za kulia, kilio kikamfungulia maneno. Akapona. Na kwa kuwa aliyepona hana hila, akaenda sokoni kuwashukuru waganga wote wawili kwa pumzi moja.

Wakashtakiwa, mume na mke. Mbele ya Kadhi Mizani, Mezakimya alidai uponyaji ni wa kidonge, Nenatupu akadai ni wa maneno, wakatupiana matusi ya kisomi hata wazee wa baraza wakasinzia. Kisha, mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe, wakakubaliana.

"Mheshimiwa Kadhi," akasema Mezakimya, "mtu huyu arudishwe ugonjwani."

"Kisha aponywe kisheria," akamalizia Nenatupu, "kwa njia moja."

Shufaka alicheka, akidhani ni mzaha. Akamwona karani akichovya kalamu, na wazee wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Kicheko kikamkatika. Watu wazima, wenye vilemba na elimu, walikuwa wanajadili mumewe aanze kunyimwa nini: usingizi au usemi.

"Bwana Kadhi," akasema Shufaka, "niwaulize hawa mabwana jambo moja. Akifia njiani, maiti ni ya mtaa gani?"

Mezakimya akamnyooshea kidole Nenatupu. Nenatupu, papo hapo, alikuwa amekwisha kumnyooshea Mezakimya.

Kadhi alivitazama vidole vile vilivyopishana, uso ukamsawijika kama aliyeonyeshwa kaburi lake mwenyewe, akampokonya karani kalamu.

"Ukuta uvunjwe," akasema. "Mgonjwa ni wenu nyote akiwa hai, na ni wenu nyote akifa. Mtakaa naye chumba kimoja."

Shufaka akapiga magoti kushukuru. Simanzi akamshika mkono, akamwinua taratibu. Na njia nzima ya kurudi nyumbani, aliyekuwa akisema ni Simanzi.