Ngao ya Joyana

"Mimi ndiye niliyekuvisha taji la harusi, Smaranda, halafu leo unifundishe mzinga?"

"Taji lilinipendeza, nashi, ahsante. Miguu haifungi."

"Inafunga!" alisema Ilarie, mbunifu mkuu na nashi wake, yaani msimamizi wa harusi yake.

"Kwenye sakafu ya karakana inafunga. Hapa tuko kwenye tope."

Mafundi sita walikuwa wamekaa juu ya makasha ya makombora, wanahema kama ng'ombe waliotoka kulima. Mbele yao mzinga, Joyana, alikaa palepale, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umezama. Walimpa jina hilo siku alipokokotwa nje mara ya kwanza. Ilikuwa Alhamisi, na katika nchi ile ng'ombe azaliwaye Alhamisi huitwa hivyo. Alikuwa mzinga wa kazi mbili: anyooshe mtutu apige mbali, au auinue juu apige nyuma ya mlima. Kupiga, alipiga vizuri. Shida ilikuwa kuondoka.

Kila mguu wa nyuma ulikuwa na jembe la chuma mwishoni, la kung'ata ardhi ili mzinga usirudi nyuma ukipiga. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi majembe yaling'ata yakakataa kuachia. Sharti lilisema dakika nne kutoka kombora la mwisho hadi kufungwa nyuma ya lori. Walikuwa wametumia kumi na moja, na bado.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Tume kutoka Bukaresti ilikuwa inafika saa tano. Joyana akishindwa mbele yao, kazi ya miaka sita inafungiwa kabatini, jeshi linanunua mzinga wa kiwanda kingine, na wao wote wanarudishwa kutengeneza pampu za maji.

"Hao wamelala," alisema Ilarie, akiwanyooshea mafundi kidole. "Wakipewa supu ya maana watainua."

"Supu gani, ndugu mbunifu?" aliuliza Pompiliu, nyapara wao, mtu mwenye mabega kama mlango wa kanisa. "Ile ya kantini, ambayo kuku aliivuka akiwa na haraka?"

Mafundi walicheka. Smaranda hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu uliozama, maana karatasi ya majaribio ya miguu ilikuwa na sahihi yake.

Na sahihi hiyo aliitia jikoni kwa Ilarie. Julai, siku ya majaribio, mjukuu wa Ilarie alikuwa anakatwa nywele za kwanza. Fina, yule aliyesimamiwa harusi, hawezi kukosa shughuli ya nashi wake. Nashi akishakusimamia harusi, shida zako ni zake, na shughuli zake ni kazi yako. Basi Smaranda, mhandisi mwenye diploma, alishinda akikunja nyama kwenye majani ya kabichi. Jioni Ilarie akaja na karatasi, akasema, "Imepita, fina, dakika tatu na nusu." Smaranda akafuta mikono, akatia sahihi. Hakuuliza miguu ilijaribiwa wapi. Kumuuliza nashi ni kumwambia mwongo, na mezani kwake hilo halisemwi.

Ilarie hakuwa mwongo. Dakika tatu na nusu zilikuwa za kweli, ila za kwenye zege kavu.

"Pompiliu," alisema Smaranda, "funua lile turubai."

Chini ya turubai mlikuwa na magurudumu mawili madogo, kila moja na mkono wa kuliteremsha chini ya mguu. Ukizungusha mkono, gurudumu linashuka, jembe linang'oka lenyewe.

Ilarie aliyatazama kama mtu aliyekuta viatu vya mwanamume mwingine chini ya kitanda chake.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti, nilipomkokota Joyana kwenye shamba la viazi, akanasa. Nilitaka kukuambia, nikakuonea haya. Hilo kosa langu, nimelimaliza."

"Uzito wake?"

"Sabini kila moja."

"Basi yafunike tena. Tumebakiwa na kilo arobaini tu kufikia kikomo. Mizani ya tume haina undugu."

"Ngao ni kilo mia mbili na thelathini."

Hata Pompiliu aliacha kutafuna mkate wake.

Ngao ile, bamba la chuma lililosimama mbele ya mzinga, Ilarie aliichora kwa mkono wake. Vitani, akiwa na miaka ishirini, alijificha nyuma ya ngao kama hiyo, na baadaye aliviona vishimo vya risasi upande wake wa mbele. Kila mtu kiwandani alikuwa amesikia hadithi hiyo, wengine mara arobaini.

"Unataka vijana wakae uchi mbele ya risasi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulipokuwa vitani adui ulimwona?"

"Nilimwona mpaka masharubu."

"Huyu Joyana anapiga zaidi ya kilomita ishirini, nashi. Masharubu ya nani? Watakaowaua ni mizinga ya upande wa pili, ikijibu baada ya dakika tano. Na dakika ya tano vijana wako wako hapa, kama hawa, wanavuta jembe. Nyuma ya ngao nzuri."

Ilarie alizunguka mzinga mara moja. "Ukiitoa mbele, nyuma mkiani kutaongezeka uzito."

"Kilo kumi na mbili. Gurudumu litabeba."

"Umepiga hesabu?"

"Mara tatu. Na safari hii usiniamini. Pima mwenyewe."

Alimtolea karatasi. Ilarie aliisoma amesimama topeni, midomo ikichezacheza, kisha akairudisha.

Smaranda hakungoja. Alichukua spana, akapanda juu ya tairi, akaitia kwenye bolti ya kwanza ya ngao. Alivuta. Alivuta tena, viatu vikiteleza.

"Unaivuta upande wa kukaza, diploma," alisema Ilarie. "Hiyo hesi zake ni za kushoto, hufunguka kinyume. Niliziweka ili mpumbavu asiifungue."

"Umefaulu, sijaifungua."

"Shuka. Lete hapa."

Akampokonya spana, akapanda. Bolti ya kwanza ililia, ikaachia. Ya pili. Ya nane ilipotoka, Pompiliu na wenzake waliipokea ngao, wakailaza topeni chali.

"Tuipeleke wapi, ndugu mbunifu?"

"Mbali na macho yangu. Na nyie, mnatazama nini? Gurudumu la kulia kwanza!"

Smaranda alikuwa ameshalibeba upande mmoja.