Kadi ya Fyuzi

Usijifanye hukumwona. Ulikuwa pale benki, benchi la tatu, umeshika namba yako ya foleni, na yule mama alipopangusa vidole kwenye gauni kwa mara ya tisa, ghafla ukakumbuka kuna ujumbe kwenye simu hujausoma. Haya, umeshausoma. Sasa sikiliza na habari zake.

Alikuwa dobi wa hospitali. Miaka kumi na tisa chumba cha chini, ambako mashuka yanashuka na damu na kupanda meupe. Waliomjua walimwita Mama Fyuzi, kwa ajili ya bintiye wa miaka kumi na sita. Msichana alipachikwa jina hilo siku alipopanda stuli akaurudishia mtaa mzima umeme, huku mafundi wawili wenye vyeti wakibishana nani amshikie mwenziwe ngazi.

Na Fyuzi alikuwa amechaguliwa. Shule yake ya ufundi ilipeleka jina moja, likarudi limekubaliwa: wiki sita kwenye chuo cha umeme, nchi ya mbali, nauli juu yao. Walitaka kitu kimoja tu. Bweni lao halipokei noti, kwa hiyo kila mwanafunzi awe na kadi ya benki yenye jina lake mwenyewe, na uthibitisho uwafikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asiyefikisha, nafasi yake anapewa mwingine.

Jumapili mama na binti walikaa kitandani, vipeperushi vitatu vya benki vimetandazwa baina yao kama vitambaa vya kuchagulia gauni.

"Hii ya bluu inakata kila ukitoa pesa," Fyuzi alisema. "Hii ya kijani haikati, ila ukiipoteza unasubiri nyingine wiki mbili."

"Wiki mbili utakula nini, nyaya?"

"Ndiyo maana naipenda hii ya tatu. Unaijaza pesa kabla, zikiisha zimeisha, haikopi. Na ikiibiwa, wewe hapa unaifunga kwa simu."

"Mimi? Mimi simu yenyewe hunifunga."

Walicheka. Waliichagua ya tatu, na walichagua vizuri, maana msichana alisoma hata yale maandishi madogo ya chini ambayo wewe na mimi huyaruka. Kama ulimwengu huu ungekuwa wa wenye akili, hadithi ingeishia hapo kitandani.

Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda benki, Mama Fyuzi alifanya kosa ambalo dobi peke yake angelifanya. Aliona haya kupeleka mikono ya kazi mbele ya watu wa kiyoyozi. Akachukua dawa ile ile ya kung'arishia mashuka, akasugua vidole kimoja kimoja mpaka vikang'aa. Alikwenda safi.

"Kadi ya mtoto inafunguliwa na mzazi," karani alimweleza kwa upole. "Na mzazi tunamthibitisha kwa kidole. Weka hapo, mama. Usikandamize."

Mashine ikalia. Kingine. Ikalia. Vyote kumi.

"Inasema haioni vidole."

"Hivi hapa, mwanangu. Hesabu."

Foleni ilicheka. Wewe pia ulicheka, kwa pua.

"Baba yake je? Aje yeye."

"Baba yake aliondoka mtoto akitambaa. Mkimpata mniite, na mimi nina langu la kumwambia."

Karani aliinamisha kichwa, akamgeuza mkono taratibu kama anayetazama kitambaa kilichochakaa. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. "Wengi wanakuja hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna njia moja. Lete barua ya mwajiri, ieleze alama zimefutwa na kazi, au na maradhi. Meneja akiiona, kadi inatoka siku hiyo hiyo."

Basi angalau kulikuwa na mlango. Mama Fyuzi alirudi hospitali nusu akikimbia.

Sasa ngoja nikukumbushe jambo ambalo wakubwa wangependa lisahaulike. Zamani madobi wale walikuwa na glavu nene, za kufika kwenye viwiko. Miaka sita iliyopita zikachakaa, msimamizi akasema tusubiri bajeti. Bajeti ikaja. Ikapaka rangi ofisi ya msimamizi. Ya mwaka wa pili ikamletea kiti kinachozunguka. Glavu hazikuja, na hakuna aliyeuliza mara ya pili, kwa sababu aliyeuliza mara ya kwanza alipangiwa zamu za mashuka ya wadi ya vidonda mpaka akaacha kazi mwenyewe.

Msimamizi alimsikiliza huku kiti kikienda huku na huku.

"Mama Fyuzi, unataka niandike kwamba kazi imekula vidole vyako? Kesho si wataniuliza glavu ziko wapi?"

"Ziko wapi?"

"Usinichimbe." Akavuta karatasi. "Lakini mimi si mtu mbaya. Nitakuandikia una maradhi ya ngozi. Si wamesema hata maradhi yanakubalika?"

Alishukuru, masikini. Kweli alishukuru. Alishuka ngazi na barua kifuani, akamwonyesha mwenzake aliyekuwa akipiga pasi, ambaye wote walimwita Bi Pasi kwa kazi na kwa ulimi wake wa moto.

Bi Pasi alisoma, akaweka pasi chini.

"Shoga, umesoma?"

"Nimesoma. Mhuri upo."

"Mwenye maradhi ya ngozi haruhusiwi kugusa shuka la mgonjwa. Imebandikwa pale mlangoni, na benki wakipiga simu hapa kuihakiki, utawala watajua. Hii siyo barua ya kadi, ni barua ya kukufukuza, na umeiomba mwenyewe kwa adabu."

Mama Fyuzi alikaa juu ya fungu la foronya. Nyumbani, Fyuzi naye aliisoma, akairudisha.

"Hiyo kadi tutaijaza nini, mama, ukishafukuzwa?"

"Nitafua majumbani."

"Kwa ngozi ipi?"

"Usinijibu hivyo."

"Sikujibu, mama. Nauliza."

Siku tatu barua ilikaa chini ya mto. Alirudi benki mara mbili, vidole vimepakwa mafuta, vimekandwa kwa maji ya uvuguvugu. Mashine ililia. Ijumaa saa mbili asubuhi akapata wazo la mwisho, na lilikuwa wazo zuri kuliko yote. Alisimama katikati ya chumba cha chini, mvuke umejaa, akazungumza na wenzake kumi na mmoja.

"Nionyesheni mikono."

Waliionyesha. Mikono kumi na miwili ya kulia, hakuna hata mmoja wenye mistari. Bi Pasi akasema mwaka jana alinyimwa laini ya simu kwa vidole, akaona aibu, akanyamaza. Mwingine alikosa mafao ya mumewe. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Twende wote kwake sasa hivi," alisema Mama Fyuzi. "Aseme ni maradhi gani haya yanayoshika madobi tu. Akituona sote ataandika kweli. Mwanangu ana saa nne zimebaki."

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo linalouma. Mmoja alisema mwanawe ana ada. Mmoja alisema mwezi ujao, baada ya kiinua mgongo. Bi Pasi, mwenye ulimi wa moto, alishika pasi akaipitisha tena kwenye shuka lililokwishanyooka. Mmoja baada ya mwingine waligeukia mabeseni, na sauti ya maji ikarudi.

Alipanda peke yake. Msimamizi alisema barua alishatoa, asiyetaka na arudishe. Akairudisha.

Saa sita ilimkuta mikono iko ndani ya dawa. Saa saba Fyuzi alipiga simu, akasema, "Wamempa mwingine, mama. Umekula?" Jumatatu msichana alirudi darasani, akakaa nyuma, na mwalimu anasema siku hizi haulizi maswali.

Mimi sina la kukufariji. Sikuandika haya ili uguse kifua useme maskini. Kazini kwako yupo mtu anayeliwa na kazi kidogo kidogo, na unamjua, na unajua aliyekalia pesa ya kumkinga. Usingoje mwezi ujao. Weka karatasi hii chini, mfuate sasa hivi, mwambie, "Twende." Kisha tangulia wewe.