Dakika Nne za Agnetha

Mimi Buberwa, huu ni mwaka wa saba nafungua mashine za gemu hapa mtaani Hamugembe. Vijana wananiletea, nalehemu chipu ndogo kwenye bodi, mashine inadanganyika na kukubali gemu za wizi. Kampuni ikiziba tundu moja, tunatafuta jingine. Nilikuwa najisifu kila mahali kwamba hakuna mashine itakayonishinda. Mdomo wangu huo!

Jumanne niliifungua ya nyumbani. Nilitaka tu gemu mpya ya mpira bila kuinunua. Mkono uliteleza, lehemu ikaunganisha njia mbili, moshi ukatoka. Bodi ikafa.

Kwenye diski ya mashine hiyo kulikuwa na dakika nne za sauti ya mke wangu. Agnetha alifariki Februari. Mwaka jana tulicheza akiwa amevaa hedifoni zenye maiki, na mashine ikarekodi kila kitu: ananicheka, ananisuta kwa Kihaya, anashangilia bao lake. Hatuna rekodi nyingine. Flashi zimejaa kwenye droo yangu, na sikuwahi kunakili. Mjinga mkubwa mimi.

Tena nilikuwa nimemwahidi mama yake, Mama Benadetha wa Rubafu, kwamba Jumamosi tukienda kuweka msalaba kaburini ataisikia.

Nikaazima mashine ya aina ileile kwa Jay, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Nikaweka diski yangu. Ikaandika kwamba haiitambui, ikaniuliza kama iifute. Nikaichomoa haraka. Ufunguo wa siri wa kuisoma diski hukaa kwenye prosesa ya mashine yake yenyewe, na prosesa hiyo ndiyo niliyoiunguza. Nilijua. Wateja nimewaeleza hivyo mara nyingi. Bado nilihangaika siku tatu bila kula vizuri, nikapiga simu Mwanza, Dar, hadi Kampala. Mafundi wote walinipa pole.

Ijumaa mchana Mama Benadetha alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, amekumbatia spika kubwa.

“Nimeiazima kanisani,” alisema, “ukoo wote usikie. Hebu tuijaribu kwanza.”

Nikampa kiti. Nikamweleza yote, hadi ule moshi. Diski nikamwekea kiganjani.

“Kwa hiyo sauti imefutika, mwanangu?”

“Haijafutika, Mama. Imo humo, nzima. Imefungwa.”

“Si wewe ndiye fundi wa kufungua?”

“Ndiye mimi, Mama.”

“Nani kaifunga?”

“Waliotengeneza mashine. Wanatuzuia sisi wezi.”

Aliigeuzageuza ile diski. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi. Hakufanya hivyo.

“Basi niambie wewe uliyeisikia,” alisema. “Alikuwa anachekaje?”

Nikajikaza. Nikajaribu kumuiga Agnetha, pale pale mbele ya mama yake, na kicheko hakikutoka. Nililia kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama.