Bosi wa Chini ya Sakafu

Saa tatu asubuhi, baba akishamaliza uji na vidonge vyake, huwa nampaka mafuta ya nazi kwenye mkono wa kulia. Naanza na kiganja, kisha kidole kimoja kimoja, nakikunja na kukikunjua mara kumi, kama tulivyoelekezwa hospitali. Mkono huo haunijibu chochote. Nikimaliza nafuta mikono yangu kwa kanga, nawasha kompyuta juu ya kigoda, na tunashika pedi ya gemu. Pedi ni moja. Baba anashika upande wa kushoto kwa mkono wake mzima, mimi nashika upande wa kulia. Kidole gumba chake kinamtembeza mtu wetu, changu kinamrusha na kupiga nyundo.

Ijumaa ile tulikuwa tumefika mlangoni kwa bosi kwa mara ya arobaini na moja, simu yangu ikalia. Nilipoona jina niliachia pedi. Mtu wetu akabaki amesimama katikati ya ukumbi, bosi akachomoza kutoka chini ya sakafu akammeza.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, Loveness."

Daktari Sadallah ndiye mwenye zahanati ya Masasi ninakofanya kazi ya maabara. Ni mzee mpole, anaomba radhi kabla ya kumchoma mgonjwa sindano na baada ya kumchoma. Siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

"Binti yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, daktari."

"Mama yako alinipigia jana jioni. Ameniita fisi. Anasema nakubana kwenye kona, kwamba kila siku ni mimi tu, hata usingizini unaniota. Na simu ilikuwa kwenye spika, Loveness. Mke wangu amekaa hapo anachambua mchele."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sikufanya hata kimoja. Nilisema, "Samahani, daktari."

"Amesema hurudi Jumatatu, wala Jumatatu nyingine yoyote. Mimi nimekushikia nafasi miezi sita. Kuna mwenzako mmoja ameleta barua, ana cheti kama chako. Nipe neno lako leo, saa kumi isipite. Kama hurudi, sema tu hurudi. Lakini hilo la fisi, binti..."

"Sawa, daktari."

Mimi ni mtu wa sawa. Shuleni nilikuwa hivyo, chuoni hivyo. Ukinikanyaga nitasema sawa, kisha nitakuuliza kama mguu wako hauumii.

Sikuhitaji kumuuliza mtu hiyo kona imetoka wapi. Wiki moja kabla nilikuwa nyuma ya nyumba, naongea kwa simu na Hamida, rafiki yangu wa chuo aliyenipa gemu lile kwenye flashi siku nilipokuwa narudi nyumbani kumuuguza baba. Hamida aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia, "Shoga, bosi ananimaliza. Akinibana kwenye kona sina pa kutokea. Kila siku ni yeye tu, mpaka usingizini namwota." Upande wa pili wa ua mama alikuwa anasugua sufuria. Nakumbuka sufuria ilinyamaza.

Wanaocheza gemu za aina hii, za kuzunguka na kutafuta njia, humwita bosi yule dude kubwa linalolinda mwisho wa kila eneo. Mama hajawahi kuajiriwa maisha yake yote. Kwake yeye bosi ni mmoja tu, mwanamume mwenye kiti kinachozunguka na mlango unaofungwa.

Mama alikuwa shambani, upande wa Mkunya, anaokota korosho. Simu yake ilikuwa kabatini. Isingewezekana kumpata kabla ya mchana.

"Na...ni?" baba aliuliza.

"Daktari, baba. Wa kazini."

Alinitazama kwa jicho lake la kushoto, lile linalofunguka vizuri. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa nne, maneno humtoka kwa foleni, na mara nyingi Kimakonde hutangulia, Kiswahili kikafuata kama mgeni. Sikumwambia zaidi. Ningemwambia nini? Kwamba nataka kurudi Masasi? Nilikuwa nalitaka jambo hilo kila siku, hata nikimgeuza kitandani saa kumi na moja alfajiri mgongo ukinilia. Nilikumbuka kiti changu cha maabara, darubini yangu, mtu akileta damu yake nami nikimpa jibu. Lakini kaka yangu Erasto, aliyeko Dodoma, alikuwa ameandika kwenye kundi la familia, "Dada yupo nyumbani, tunamshukuru Mungu." Ndugu wote wakaitikia amina. Kanisani nako waliniombea, binti aliyeacha kazi kwa ajili ya mzazi. Sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimeomba ruhusa. Hakuna aliyeuliza ruhusa inaisha lini, nami sikusema.

"Tuendelee," baba alisema.

Tukaendelea, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Gemu lenyewe ni la mhunzi mdogo anayeshuka kwenye mgodi wa zamani. Ana nyundo na taa. Mgodi hauna ramani mpaka uupitie mwenyewe. Bosi wetu alikuwa fuko mkubwa kama lori, amevaa chuma kuanzia puani mpaka mkiani. Siku tuliyomwona mara ya kwanza baba alimtazama kwa makini, akasema, "Kwetu huyu... mboga," tukacheka mpaka nikamfuta mate. Baada ya mara kumi hatukucheka tena. Fuko alizama upande mmoja wa sakafu na kutokea upande mwingine, anakusukuma mpaka ukutani, na nyundo yetu ikimgonga ilitoa sauti ya sahani tu.

Tulikufa mara ya arobaini na mbili, na ya arobaini na tatu. Kila ukifa unaanzia mbali, unatembea tena korido lote. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuiondoi. Mara ya arobaini na nne baba alisimama katikati ya korido.

"Baba, twende."

Hakwenda. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Maji," alisema.

Kulikuwa na tone lililokuwa likidondoka kutoka darini, tone, tone, kwenye jiwe moja la sakafu. Tulikuwa tumelipita mara arobaini na nne. Nilimwambia ni pambo tu, mgodi mzima una matone.

Baba alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na moja. Hapa Newala tuko juu, maji yako chini bondeni na lazima yasukumwe kupanda, kwa hiyo kila tone linalopotea njiani ni la kijiji fulani. Kazi yake ilikuwa kutafuta bomba linapovujia. Alikuwa akiondoka kabla watu hawajaamka na nondo yake, anaichomeka ardhini, anaweka sikio juu yake. Mara nyingi hakusikia kitu. Ndipo anautazama udongo, wapi nyasi ni kijani kiangazi, wapi maji yamepotea bila kuacha tope.

"Yanadondoka," alisema taratibu, na jasho lilimtoka kwa kulitafuta neno. "Hayatuami."

Nikatazama. Kweli. Tone lilianguka na jiwe likabaki kavu. Kwenye matone mengine yote kulikuwa na kidimbwi.

"Piga."

Nilipiga nyundo chini mara moja, mbili, tatu. Ya nne jiwe likapasuka, mhunzi wetu akatumbukia kwenye njia nyembamba ambayo haikuwepo kwenye ramani. Tuliifuata ikashuka, ikapinda, kisha ikapanda kwa ngazi ndefu, na mwisho wake tukajikuta juu ya dari ya ukumbi wa bosi, kwenye tundu. Chini yetu fuko alikuwa anazunguka, hajui. Na mgongoni, mahali ambapo mtu wa chini hawezi kuona, chuma kilikuwa kimeachana kama zipu iliyoharibika.

Hatukumshinda papo hapo. Mara mbili baba alimsogeza mhunzi mapema, mara moja mimi nilichelewa kupiga. Mara ya nne alisema "sasa" na mimi nikapiga kabla neno halijaisha, tukamwangukia mgongoni, na fuko akapasuka vipande vya chuma ambavyo viliviringika mpaka pembeni ya skrini.

Baba alicheka kwa nusu ya mdomo. Mimi nilitazama saa. Ilikuwa saa saba kasorobo.

Mama aliingia saa nane, ndoo ya korosho kichwani, miguu imejaa vumbi. Aliitua, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Ana miaka sitini na miwili. Siku hizi akikaa chini hutafuta kwanza kitu cha kushika.

"Pole na shamba, mama."

"Nishapoa. Baba Erasto, umekula?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Mama, ulimpigia daktari Sadallah?"

Akaanza kuchambua korosho, mbichi huku, kavu huku. "Nimempigia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilichomwambia anakijua. Mimi sikuzaa binti wa kuchezewa ofisini. Umesoma, lakini aibu yako itakuponza. Wewe huwezi kumwambia mwanamume koma. Nimemwambia badala yako."

"Mama, bosi niliyekuwa namsema siyo daktari." Nikaisogeza kompyuta, nikarudisha pale fuko anapotokea. "Bosi ni huyu. Ni mnyama wa kwenye gemu. Ndiye anayenibana kwenye kona."

Mama aliinua macho. Fuko alichomoza, akapiga kelele, mhunzi akamezwa. Mama akasema, "Kumbe," akarudi kwenye korosho zake.

Hakuuliza hata swali. Mama yangu, ambaye akiona picha mpya kwenye kalenda ya kanisa huuliza ni nani, anatoka wapi, na kwa nini hajavaa viatu.

"Anajua," baba alisema.

"Anajua nini, baba?"

"Juma...nne. Ulikwenda mashine... na mahindi." Alinyoosha kidole cha kushoto kwenye mkeka. "Alikaa hapo. Nilimwonyesha bosi. Akacheka."

Mama alisimama, safari hii bila kushika kitu, akachukua ndoo tupu akatoka uani.

Nilibaki nahesabu siku kama mtoto wa darasa la kwanza. Jumanne aliona, akacheka. Alhamisi akampigia daktari na kumwita fisi.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya pipa la maji amenipa mgongo, kata mkononi, hachoti.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi tangu asubuhi, yenye samahani tatu ndani yake. Yote yalinipotea. "Mama," nilisema, "mimi nataka kurudi kazini. Ruhusa yangu inaisha Jumapili. Daktari ananisubiri mpaka saa kumi leo, halafu nafasi anampa mwingine. Nilitaka kurudi tangu zamani."

"Wanaume hawa huwajui," mama aliliambia pipa. "Leo mpole, kesho..."

"Mama."

"Na Masasi kuna joto. Wewe joto hulipendi."

"Mama, ulijua."

Alichota maji, akamimina kwenye ndoo. Akachota tena. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa korosho, ule usiotoka kwa sabuni, na nilitaka kuishika lakini sikuthubutu. Nilisimama tu. Niliogopa akinigeukia na kuniambia baki, nitasema sawa.

Ndoo ilijaa mpaka ikamwagika miguuni kwake. Aliiweka kata chini.

"Niwekee huyo mzee," alisema.

"Nani?"

"Huyo bosi wako. Nipigie."

Nilipiga, nikampa simu. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyofanya siku zote, kwa hiyo nilisikia daktari akiitikia kwa woga.

"Ni mimi, mama yake Loveness. Wa jana. Usikate, baba, leo sitakutukana." Akahamishia simu upande wa pili. "Ndiyo. Kwanza mwambie mkeo wewe si fisi. Mtoto hana ugomvi na wewe, wala hujamfanyia kitu. Nilijua. Tangu Jumanne nilijua, ni fuko wa kwenye kompyuta."

Daktari alisema jambo. Mama akatikisa kichwa kana kwamba anaonekana.

"Jumatatu atakuja. Hapana, sikuchanganyikiwa. Nilisema vile kwa sababu akiondoka nabaki na mgonjwa peke yangu. Wiki mbili zilizopita alianguka mlangoni, ilibidi tuwe wawili kumwinua, na mimi peke yangu siwezi, daktari. Nimechoka. Naogopa. Nilitaka mwanangu abaki, na nilishindwa kumwomba."